Nchi Iliyopima Lishe kwa Makofi

"Harufu yako imeruka ukuta, Bi Saumu! Imeingia puani mwangu bila kibali!"

"Ziba pua."

"Pua hii ni ya Serikali!"

"Basi iite Serikali ije ikupenge kamasi. Mimi nina kazi."

Hapo ndipo nilipofungua mlango wa kibanda changu cha kunyolea, nikakuta nusu ya mtaa imeshawahi mabenchi yangu. Mimi ni kinyozi, na ugomvi wa asubuhi kwangu ni kama chai, zile siku chai ilipokuwa halali. Bwana Shomvi alikuwa amepanda juu ya matofali upande wake wa ukuta, shingo imemtoka kama kuku anayechungulia sufuria. Upande wa pili Bi Saumu alikuwa amekaa kwenye kibao, anakoroga beseni kubwa kwa bakora ya marehemu mumewe. Juu ya beseni alikuwa ametandaza kanga moja, kwa heshima ya sheria.

"Unafanya nini hapo?" Bwana Shomvi akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka mashahidi.

"Nafua, jirani."

"Nguo gani hizo zinazonuka iliki?"

"Za marehemu. Alikuwa mtu nadhifu."

Mabenchi yangu yote mawili yakacheka mpaka msumari mmoja ukatoka. Bwana Shomvi hakucheka. Alinyanyua kidole, akasema, "Nimeshaandika barua. Nimeshaipeleka Wizarani. Ijumaa Afisa Mpimaji anakuja, na atakuja nayo mfukoni."

"Ijumaa anakuja kwa ajili yako, wewe mzee," Bi Saumu akasema, na safari hii hakuwa na mzaha. "Umeshaandikiwa maanguko mawili. Kaa chini uhesabu la tatu linakupeleka wapi."

Bwana Shomvi akajikaza, akashika ukingo wa ukuta kwa mikono miwili, akaanza, "Mimi ni mlaji mwaminifu wa..." Bi Saumu akachomoa bakora kwenye beseni, inachuruzika uji wa ulezi, akamshushia vidoleni. Pwaa! Tukasikia matofali yakibomoka, kisha kishindo.

"Hilo halihesabiwi!" akapiga kelele kutoka chini. "Sikupigwa kofi! Nimepigwa bakora!"

*

Kwa mnaosoma haya mkiwa nchi za mbali, ambako kila mtu hula anachotaka asubuhi na kwa hiyo hakuna umoja, nieleze kidogo.

Nchi yetu ni nzuri. Naanza na hilo kwa sababu kila maelezo huku huanza na hilo. Miaka michache nyuma, Waziri wa Kifungua Kinywa, Mheshimiwa Profesa Daktari Vumilia, aligundua kwamba taifa linachelewa kuendelea kwa sababu linachelewa kukoroga. Mama anaamka, anawasha moto, anakoroga, anasubiri, anapuliza, anakunywa. "Huo," alisema redioni, "ndio muda ambao majirani zetu wanautumia kutuzidi!" Akapiga marufuku, kabla ya saa sita mchana, uji, mihogo, viazi, maharage, chai na kitu chochote kinachotoa mvuke. Miiko ikakusanywa nyumba kwa nyumba, ikachomwa uwanjani. Mzee mmoja wa mtaa wa pili alikataa kutoa wake, akavunjwa mkono, ule ule wa kukorogea, ili adhabu ioane na kosa. Serikali yetu ina mpangilio.

Badala yake tukapewa Pambazuko. Ni vipande vya mahindi vyembamba, vya rangi ya manjano, ndani ya boksi. Mbele ya boksi amechorwa Mlezi wa Taifa akinyanyua fahali kwa mkono mmoja, mkono mwingine ameshika kijiko. Unavimimina kwenye bakuli, unatia maji. Maziwa yapo, ila yako kwenye picha. Ukitafuna, masikio yanasikia karamu ambayo tumbo halikualikwa. Kiwanda ni cha shemeji wa Waziri, lakini huo si umbeya, huo ni ukoo.

Nyuma ya boksi kuna jedwali la lishe. Protini, tisini na tisa. Chuma, tisini na tisa. Kalsiamu, tisini na tisa. Vitamini zinaanza A zinakwenda mpaka Z bila kuruka herufi, maana Waziri aliuliza kwa nini nchi nyingine zinaishia njiani, akakosa wa kumjibu. Kila moja tisini na tisa.

Jedwali hilo alilipanga Bwana Shomvi kwa mikono yake. Ndiyo, huyu huyu wa juu ya matofali. Alikuwa mpanga chapa katika kiwanda cha uchapaji cha Serikali, kazi ya kuokota herufi za risasi moja moja na kuzipanga kwenye fremu. Agizo la boksi lilifika wiki moja na taarifa ya mavuno ya taifa. Sifuri zote zilikuwa zimekwenda kwenye mavuno. Namba nyingine zilikuwa kwenye matokeo ya uchaguzi. Kwenye trei zilibaki tisa tupu. Bwana Shomvi akapanga tisa, zishike nafasi tu mpaka namba za kweli zije. Namba za kweli hazikuja. Alikuja Waziri, akatazama, akasema, "Nilikuwa nakisia hivyo hivyo," akatia saini.

Mtu mwingine angecheka na wenzake kisirisiri mpaka astaafu. Bwana Shomvi aliamini. "Mimi nilidhani nabahatisha," aliniambia siku moja nikimnyoa, macho yamemlegea kama mtu aliyeona ndoto njema. "Kumbe nilikuwa naongozwa."

*

Mwanzoni lishe ilipimwa kwa mashine. Tulikuwa nayo moja nchi nzima, tuliyopewa na wafadhili. Wakatia Pambazuko ndani, mashine ikanguruma kidogo, ikatoa kikaratasi: sukari, rangi, hewa.

Ikakamatwa siku ile ile. Waziri alisema ina jina la kigeni, waya wa kigeni na maoni ya kigeni. Ikapandishwa kizimbani uwanjani, ikaulizwa mara tatu kama inajutia, ikakaa kimya, na kimya chake kikaandikwa kuwa ni dharau. Askari arobaini wakapanga mstari, kila mmoja akaipiga rungu moja. Mimi nilikuwepo, nilipata nafasi mbele kabisa. Vioo viliruka, likatoka dude kama utumbo wa chuma, watu wakashangilia. Mkemia Mkuu akapiga magoti kuiombea, akapata rungu la arobaini na moja sikioni. Sikio hilo halisikii mpaka leo, ila limepewa nishani, na huivaa pale pale sikioni.

Alipozinduka, Mkemia Mkuu akatangaza mbinu ya kizalendo. "Mwili wenyewe," akasema, huku damu ikimtiririka shingoni, "ndio maabara." Ikaitwa Tathmini Shirikishi ya Lishe kwa Njia ya Kofi. Ni shirikishi kwa sababu shavu linashiriki.

Utaratibu ni mwepesi. Unakula bakuli moja la Pambazuko mbele ya Afisa Mpimaji. Unasimama. Afisa anakupiga makofi matatu. Ukibaki wima, Pambazuko ina lishe asilimia mia, na jina lako linasomwa redioni. Ukigusa ardhi, si Pambazuko iliyoshindwa, ni wewe uliyelisaliti bakuli. Unaandikiwa anguko moja. Meno yanayotoka huokotwa yakatiwa kwenye kopo, kwa ajili ya takwimu. Maanguko matatu, unapelekwa Shamba la Kuimarishia.

Kule, wanasema, mtu huimarishwa. Hatujaona aliyerudi akiwa imara, wala aliyerudi vinginevyo. Familia huletewa boksi la Pambazuko, ndani yake mna vitu vya mhusika. Bwana Kondo, mume wa Bi Saumu, alikuwa mtu mtiifu, alikula Pambazuko pekee kwa miezi mitano. Nakumbuka jinsi alivyokuwa akisoma jedwali kwa sauti kila asubuhi, tisini na tisa, tisini na tisa, kama mtu anayejipa moyo kwenye maji ya kina. Shingo ikabaki kama kijiti. Anguko la kwanza lilimvunja taya, la pili ubavu, la tatu halikuwa hata la kofi. Afisa alinyanyua mkono tu, ule upepo ukamlaza. Bi Saumu aliletewa boksi. Bakora ya mumewe haikuenea, ilikuwa imetoboa boksi hilo pale kwenye picha, palipochorwa kijiko.

Siku ya arobaini alianza kupika. Ulezi, karanga za kusaga, maziwa ya mbuzi, iliki. Tukawa tunapita kwake mmoja mmoja alfajiri, kila mtu na nguo chafu mkononi. Mtaa wetu ulipata sifa ya usafi.

Na sasa hapa pana jambo dogo lililonisumbua kichwa, mimi ambaye shule niliyosoma ni ya barabarani. Waliokunywa uji wa Bi Saumu walipigwa makofi wakasimama kama nguzo za simu. Makofi yakaandikwa. Asilimia mia. Mtaa ukapewa cheti. Kila kikombe cha uji kilikuwa kinaithibitisha Pambazuko.

"Nikiacha kupika, mnakufa," Bi Saumu aliniambia. "Nikipika, Waziri anapata nishani. Haya, kinyozi, wewe mjuaji wa mambo ya watu, nichague nini?"

Nikamwambia achague kuongeza karanga.

*

Afisa Mpimaji wa kwetu ni Afande Baruti. Kiganja chake cha kulia ni mali ya Serikali, kina namba ya usajili, na hutembea kimevikwa glavu. Kwa sababu hutumia mkono huo huo siku zote, mtaa mzima una shavu la kushoto kubwa kuliko la kulia. Kunyoa kumekuwa kazi ya ufundi. Picha za vitambulisho tunapigwa kwa upande.

Alhamisi alikuja kunyolewa mmoja wa askari wake wawili, yule mfupi. Kinyozi haulizi kitu, kinyozi huacha wembe utembee polepole, mtu anajisemea mwenyewe.

"Afande hayuko sawa," askari akasema. "Anakula mabakuli saba kwa siku. Ni amri, na wanamtazama. Makao makuu kila mwisho wa mwezi maafisa wanapimana wao kwa wao. Ameshaanguka mara mbili."

"Lo! Na la tatu je?"

"Kanuni haichagui cheo." Tumbo lake likanguruma. "Kaka, hivi kwenu hapa kuna nguo za kufua?"

Nikampeleka kwa Bi Saumu. Akamtazama kuanzia buti mpaka kofia, akamwambia huduma ya sare imefungwa.

Habari za Afande nilizitia akilini. Shida ilikuwa Bwana Shomvi. Nilimpenda yule mzee. Alikuwa amekonda mpaka fulana inamtembelea mwilini. Anguko la pili lilimtoa meno manne, akayatia mwenyewe kwenye kopo, moja moja, kwa mpangilio, kama herufi. Ukimwambia akanywe uji anakujibu, "Nikinywa uji nikasimama, nitakuwa nimesimama kwa uongo." Mtu wa namna hiyo utamsaidiaje?

Kwa nguvu. Ndivyo tulivyoamua.

Ijumaa saa moja asubuhi nilimwita kibandani nikasema namtengeneza ndevu bure. Alipokaa kwenye kiti, wanaume watano tukamrukia. Mmoja alimshika miguu, wawili mikono, fundi viatu akamkalia mapajani, mimi nikamziba pua ili afungue mdomo. Bi Saumu akaja na birika na mrija wa kumiminia mafuta ya taa, aliousugua kwa majivu mpaka ukang'aa.

"Fungua, mzee. Fungua kwa hiari, la sivyo naupitisha palipo pengo."

"Mmmh!"

"Mume wangu alikula tisa zako akafa nazo. Wewe hufi nazo mbele yangu! Fungua!"

Akafungua, kweli, ila ni ili anitafune kidole. Nilipiga ukelele wa kuwaamsha waliokufa. Damu ikaruka mpaka kiooni. Fundi viatu akamkaba koo, Bwana Shomvi akampiga kichwa cha pua, pua ikalia kama ukuni mkavu. Uji uliomiminwa mdomoni akaurusha wote, ukatuosha nyuso. Kiti changu, nilichorithi kwa baba, kikavunjika mguu. Tulipomwachia alikuwa amelala chini kati ya nywele za watu, anahema, hana hata tone tumboni.

"Nitakufa na tisa zangu," akasema.

Bi Saumu akaketi kwenye benchi, akalia. Sijapata kumwona analia, hata siku lile boksi lilipoletwa. "Mzee mpumbavu huyu," akasema. "Ameandika barua nikamatwe, na mimi nalia. Kinyozi, fanya kitu."

Mimi sina elimu ya kutisha. Ninachokijua ni kujaza nyumba. Harusi, matanga, tohara, mtu akitaka watu huja kwangu. Nikafunga kidole kwa kitambaa, nikatoka mbio mtaani.

*

Tathmini hufanyika uani kwangu, kwa sababu pana ukuta pande tatu na mtu hawezi kukimbia. Afande Baruti alipofika saa tatu na askari wake wawili, mrefu na mfupi, alikuta uani hapapitiki.

Niliwaita wote. Mtaa wa kwanza mpaka wa sita. Wanawake waliovaa kama wanakwenda mkesha wa harusi, wacheza bao, timu ya mpira ya vijana na ya wazee, bibi mmoja aliyebebwa kitandani, tukakisimamisha kitanda ukutani pamoja naye. Tulisimama bega kwa bega, tumbo kwa mgongo. Ungeangusha sindano isingefika chini. Ndiyo, hilo ndilo lilikuwa shauri lenyewe.

"Nini hiki?" Afande akauliza.

"Wadau, Afande," nikasema. "Si ni shirikishi?"

Likamfurahisha. Alikuwa mtu wa hadhira. Akajipenyeza mpaka katikati, askari mrefu akamvua glavu kwa adabu kama anayefunua mtoto mchanga. Afande akakohoa, akasema, "Ndugu wadau! Taifa lililoshiba haliangushwi! Leo, kwa niaba ya Waziri, kupitia kiganja hiki, Serikali inakwenda kuzungumza na mashavu yenu ana kwa ana!"

Tukapiga makofi, yale ya kwetu, mikono ikiwa juu ya vichwa maana chini hapakuwa na nafasi.

Bwana Shomvi alikula bakuli lake lote. Akalamba kijiko. Uso ulikuwa umevimba kwa kazi yetu ya asubuhi, lakini alisimama mikono imenyooka, shavu la kushoto mbele. Nilikuwa nyuma yake, fundi viatu kulia, Bi Saumu kushoto.

Kofi la kwanza lilisikika mpaka kwenye mnara wa maji. Jino likaruka, likaingia kwenye kopo lenyewe bila kuokotwa. Magoti ya Bwana Shomvi yakaisha. Lakini magoti yakiisha mtu anakwenda wapi, ikiwa kifua chake kimebanwa na mgongo wa mchezaji namba tano, mfupi kuliko wote timuni, na mgongo wake umebanwa na tumbo langu? Akabaki wima.

"Moja, amesimama," askari mfupi akaandika.

Kofi la pili lilimpasua nyusi. Damu ikanipiga shingoni, moto. Nikahisi mwili wake umelegea wote, kama koti lililotundikwa. Fundi viatu akambana zaidi. Bi Saumu akamshika mshipi kwa nyuma, midomo inamcheza, sijui dua sijui matusi.

"Mbili, amesimama."

Afande Baruti akatazama kiganja chake kama mtu aliyedanganywa na rafiki. Jasho lilikuwa linamtoka. Nilikuwa karibu vya kutosha kuona ngozi yake, manjano kama Pambazuko yenyewe. "Haiwezekani," akanong'ona. "Huyu hana nyama. Huyu ni jedwali tupu." Akarudi nyuma hatua moja, tukambania. "Nipisheni!" Tukampisha kidogo. Akazungusha mkono kutoka kisogoni, akautuma kwa nguvu zote za mabakuli saba.

Wakati huo huo Bwana Shomvi, aliyekuwa amezimia tangu kofi la pili, kichwa kikamwangukia kifuani.

Kofi likapita juu. Likaendelea na safari yake, na Afande akalifuata. Akazunguka mara moja, akazunguka mara ya pili, mikono imenyooka kutafuta pa kushika. Na sisi ni watu wenye adabu. Mkubwa akihitaji nafasi, tunampa. Uani pale, pasipopita sindano, pakafunguka duara safi la hatua tatu.

Akaanguka kifudifudi. Kidevu kilikuta ngazi ya kibanda changu. Ule mlio siwezi kuuandika.

*

Askari mfupi akatoa kijitabu, akalamba kidole, akafungua ukurasa.

"Kanuni ya tisa," akasoma kwa sauti. "Mlaji yeyote wa Pambazuko atakayegusa ardhi wakati wa tathmini ataandikiwa anguko, bila kujali kama yeye ni mpigwa au mpiga."

"Nimeteleza!" Afande akasema chini, damu na vipande vya meno vikimtoka. "Andika nimeteleza!"

"Hakuna safu ya kuteleza, Afande." Askari akahesabu kwa vidole. "Hili ni la tatu."

"Mimi ni mkubwa wako!"

"Ndiyo, Afande. Kanuni ya kumi, mhusika ataamshwa lishe kwa marungu kabla ya kusafirishwa. Samahani, Afande."

Wakamwamsha lishe. Mrefu alipiga mgongo, mfupi alipiga miguu, na kila pigo walisema samahani. Kiganja cha Serikali kikakanyagwa kikavunjika, na hilo likaandikwa pembeni kuwa ni uharibifu wa mali ya umma, kosa la ziada. Walipofika rungu la kumi na mbili wakachoka, wakakaa juu yake wapumzike, maana na wao asubuhi hiyo walikuwa wamekula Pambazuko. Baadaye wakamvuta kwa miguu mpaka garini. Alikuwa bado anasema ameteleza.

Alipokuwa akiburutwa, bahasha ilidondoka mfukoni mwake. Askari mfupi akaiokota, akatazama anwani, akatazama beseni la Bi Saumu, akameza mate. Akampa.

"Hii ni yako, mama. Huduma ya sare ikifunguliwa, nijulishe."

Bi Saumu akaisoma pale pale, midomo ikitembea. Ilikuwa barua ndefu, yenye mwandiko mzuri.

Saa saba mchana redio ikatangaza. Mtaa wetu ulikuwa umepimwa mbele ya wadau mia nne, na hakuna mwananchi aliyeanguka. Pambazuko ilikuwa imethibitika kwa asilimia mia. Afisa mmoja aliyelisaliti bakuli alikuwa amebainika na kuondolewa. Kwa mafanikio hayo, Mheshimiwa Profesa Daktari Vumilia alikuwa na furaha kutangaza kwamba kuanzia mwezi ujao makofi yatakuwa manne.

Tukapiga vigelegele. Ni lazima, wakisoma mtaa wako.

Bwana Shomvi alikuwa amezinduka. Tulikuwa tumemlaza kwenye kile kiti changu kilichovunjika, nikimfuta damu kwa taulo ya kunyolea. Alikuwa amesikiliza habari yote, jicho moja limefumba.

"Nilisimama?" akaniuliza.

"Ulisimama, mzee wangu."

"Kwa Pambazuko?"

Nikageuza taulo upande mkavu. Akatazama uani. Watu walikuwa bado wamejaa, hakuna aliyetaka kwenda kwake. Akawatazama mabega, matumbo, fundi viatu mwenye pua iliyopinda. Akayatazama madoa ya damu yake mgongoni mwa mchezaji namba tano. Nafikiri alikuwa anahesabu, maana ni mtu wa namba.

"Zilikuwa zimebaki tisa tu kwenye trei," akasema taratibu. Hakumwambia mtu, ila wote tulisikia. "Kama zingebaki sifuri, ningeweka sifuri."

Akainuka. Akatembea mwenyewe, akishika ukuta, akatoka mlangoni kwangu, akapita matofali yake yaliyobomoka, akafika mlango wa Bi Saumu. Tukamfuata wote, mtaa mzima, kama msafara wa mazishi, kila mtu anataka kuona. Harufu ya iliki ilikuwa imejaa kichochoro. Akasimama kizingitini.

"Hodi," akasema.

Bi Saumu akatoka, bakora mkono mmoja, barua mkono mwingine. Wakatazamana. Kisha akatia barua kwapani, akanyanyua kiganja, akamzaba kofi la shavu la kulia, lile ambalo Serikali ilikuwa haijaligusa.

"Hilo ni la barua."

Bwana Shomvi akayumba. Akaenda kushoto, akaenda kulia. Mimi nilinyoosha mikono, na nyuma yangu mtaa wote ukanyoosha mikono. Lakini hapakuwa na aliyembana, na hakuanguka.

Bi Saumu akamtazama, akangoja mpaka ametulia kabisa.

"Karibu," akasema, akasogea mlangoni kumpisha. "Vua viatu. Ingia ule."